Makuti ya Jikoni

Mjukuu wangu Zaituni,

Hapa Palma hatujambo, na shangazi yako kajifungua msichana. Umeuliza kama turubai linatosha kufunika gari lako lenye chumba mgongoni mpaka mvua ziishe. Ukilibana sana, ndani kutaota ukungu.

Nilipokuwa msichana kule Quiterajo, msafiri alimwachia mama yangu gari kama hilo masika yote. Mama alilijengea paa la makuti, akaacha nafasi upepo upite. Jua likitoka, alifungua madirisha.

Msafiri aliporudi, alikuta godoro kavu kabisa. "Umefanyaje, mama?"

"Si ulisema nikutunzie?"

Makuti yale alikuwa ameyasuka aezekee jiko letu. Masika yote alipika akinyeshewa. Msafiri hakuambiwa. Nakuambia wewe.

Bibi yako