Uso Chini ya Shuka

Jumatatu, 2 Juni 1986
Lavington, nguo za tajiri kama kawaida. Watoto wake wanatazama katuni ya vijana wapelelezi, nami napiga pasi nyuma yao. Kiingereza chao sikishiki, wala sikihitaji. Mzuka unatisha watu, vijana wanakimbia ovyo, mwishowe kinyago kinavuliwa: ni mwenye shamba. Kila mara ni yeye.
Nimerudi Kawangware. Mfereji wetu bado una kufuli. Mwenye ploti, anayetupangisha vyumba, anasema bomba limepasuka. Mwongo. Maji yanaenda kujenga nyumba yake ya mawe.

Jumatano, 4 Juni
Wafula, mpwa wangu ninayekaa naye, ndiye anaongoza mchezo wa vijana kanisani Jumapili. Nimemwambia waigize ile katuni. Mzuka unafukuza watu mferejini, shuka linavuliwa, ni mwenye ploti na kofia yake ya kijani. Akichekwa na kanisa zima ataona haya, atafungua maji.
"Hiyo itamshika, Anti," Wafula akasema. Nimempa shuka langu zuri.
Nadhani najua kwa nini kila mtu huiigiza kwa mzaha katuni hiyo, hata watoto wa tajiri wakicheza uani. Haibadiliki. Watu wanajua kinyago kitavuliwa, wanangoja tu kuona umemweka nani.

Ijumaa, 6 Juni
Wafula amepewa na mwenye ploti kazi ya useremala, milango ya ile nyumba ya mawe. Ameleta nyama. Mazoezi hataki niyaone. Nimefurahia nyama kama mtoto.

Jumapili, 8 Juni
Nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi.
Mwenye ploti alikaa mbele. Mzuka ukaja, watu wakakimbia na ndoo, kanisa likacheka. Shuka langu likavuliwa. Chini yake Wafula, amefunga kitambaa kama changu, amevaa aproni yangu ya kazi. Akasema kwa lafudhi yangu ya Kiluhya, ya puani, "Ni mimi namaliza maji, nafulia matajiri!"
Sijawahi kufua nguo ya tajiri hapa. Mwenye ploti alicheka mpaka akafuta machozi. Majirani zangu nao walicheka, wale wale wanaonunua maji ya mkokoteni pamoja nami. Hii ndiyo shida ya mchezo ule. Uso wowote unaingia.

Jumatatu, 9 Juni
Kwenye mkokoteni wa maji wananiita Mzuka. Mama wa chumba cha pili ameniuliza, eti kwa mzaha, kama kweli naleta nguo za tajiri kufulia nyumbani. Nawachukia wote leo.

Jumanne, 10 Juni
Wafula alirudi kula. Nilimpakulia. Alikula akiangalia sahani.
"Kazi ya milango haingekuja bila hiyo, Anti," akasema. "Na watu walicheka tu."
Nikamuuliza kama walijua si kweli.
"Walijua zamani kuwa ni mwenye ploti," akasema. "Lakini wewe hawakuogopa kukucheka."
Nimemwongeza ugali. Kufuli bado iko.