Vidonge Vyangu na Mkia wa Kondoo

Kakuma, 10 Machi 2013, wiki ya sita tangu niondoke.

Mama Nafula, ejok, kama wanavyosalimiana Waturkana wa huku! Nina hasira kweli. Jana tulimaliza ukuta, na Ekai, mmoja wa mafundi wenzangu, akachinja kondoo. Mkia, mafuta matupu, wakaniheshimu nao kwa ajili ya kitambi changu. Nikakataa, nikawaonyesha dawa yangu ya kolesteroli. Nilipokwenda kunawa, kila mmoja akameza vidonge vyangu juu ya nyama!

"Fundi Kitambi, mafuta yamekatika. Kula sasa!" akasema Ekai.

Nikafoka kwamba dawa hiyo humezwa kila siku, haifuti mafuta ya mlo mmoja. Wakacheka tu. Kopo ni tupu, nimeulizia hadi mjini Lodwar dawa nimeikosa, na daktari alinionya nisiruke hata siku moja. Niwekee mboga na vidonge. Nitafika Jumamosi.

Baba Nafula