Bei ya Mteja Anayejiita Jirani

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu barua hii itakukuta mzima, na kama kile kikohozi chako cha baridi bado kipo, basi na chenyewe kiwe kimechoka. Sisi hatujambo. Watoto wanakua mpaka viatu vinawabana, na baba yao ndiye fundi viatu. Utashangaa anwani yako nimeipata wapi, maana tangu uhame kule kwa kwanza sikujua uko nchi gani, wala sikuuliza. Hilo nitalisema mwishoni. Nikianza nalo nitaishiwa ujasiri.

Unakumbuka kiwanda kilipofungwa, shemeji yako alirudi nyumbani na sanduku la vifaa akaanza kushona viatu vya ngozi sebuleni. Mwaka jana tukafungua duka mtandaoni. Watu walikuwa wanaingia, wanatazama, wanatoka. Mmoja akaandika kwamba viatu ni vizuri ila bei haielewi, na yeye si mtu wa kwenda kutafuta kikotoo ndipo ajue kiatu ni bei gani. Shemeji yako akakaa siku tatu na kompyuta, akapanga kila anayefungua duka aone bei kwa fedha ya kwao, na kibendera cha nchi yake pembeni. Sisemi uongo, oda zilikuja. Nilifunga vifurushi mpaka vidole vikagandana kwa gundi.

Sasa katika orodha ya fedha zile kulikuwa na moja ya nchi ndogo yenye mteja mmoja tu. Mmoja, dada, na ni mwanamke. Jina hakutoa. Alijiita Jirani, na vifurushi vyake vilikwenda kwenye sanduku la posta. Jirani gani wa kufikiwa kwa ndege mbili? Kila mwezi jozi moja, saizi ile ile. Nikamuuliza shemeji yako huyu ni mwanamke au ni jongoo, mbona miguu haimwishii. Akacheka, akasema mteja ni mteja.

Fedha nyingine zote zilijibadilisha zenyewe, bei zikatokea na visenti vinavyoning'inia nyuma. Ya Jirani aliipanga kwa mkono, ikawa namba nzima, safi. Asubuhi, kabla hajaniuliza mimi nimeamkaje, alikuwa anatazama fedha ya Jirani imeamkaje, na ikiyumba kidogo anairekebisha bei ili yule mama asizidishiwe. Mimi niliyemzalia watatu, nikimwambia sokoni bei zimepanda, ananijibu nikapatane. Viatu vya Jirani sikuruhusiwa hata kuvipaka rangi. Alivipaka mwenyewe, na ile miguu ya mbao aliyoichonga kwa vipimo vya Jirani ili ashonee viatu vyake, akaifungia kabatini. Wivu ulinikaba, dada, sikufichi. Nikiandika ile anwani nilikuwa naikandamiza kalamu mpaka karatasi inatoboka. Hata ndotoni nilimwona, ana miguu mizuri.

Mwezi uliopita, shemeji yako alipokwenda kununua ngozi, nikafungua kompyuta. Mtupa jongoo humtupa na mti wake, kwa hiyo nikaanza na fedha ya nchi ile, nikaifuta kwenye orodha, kibendera na kila kitu. Kisha nikamwandikia mwenyewe Jirani kwamba fundi huyu ana mke, anayetafuta mume atafute kwao, hapa tunauza viatu tu. Mchana ule nililala usingizi mtamu sana.

Siku ya nne oda ikaja. Jirani yule yule, saizi ile ile, safari hii kwa bei ya fedha yetu, bila kuuliza chochote. Matusi yangu hakuyajibu. Aliandika tu kwamba amefurahi kuona mke wa fundi bado ana ulimi wake wa utotoni.

Nilisoma maneno yale nikiwa nimesimama, nikayasoma tena nimekaa. Halafu nikatafuta ufunguo wa kabati. Ule mguu wa mbao wa kushoto una kidole kidogo kilichopanda juu ya mwenzake. Mguu ule naujua. Mimi ndiye niliyeuangushia pasi siku tulipogombania nani anyooshe nguo za mama. Shemeji yako alirudi akanikuta sakafuni nimeupakata kama mtoto. Akasema ni wewe, dada, uliyemwomba asiniambie, kwa kuwa mara ya mwisho ulipotutumia msaada niliurudisha na maneno juu.

Dada, nilikuandikia kwamba sisi si ombaomba. Haikuwa hivyo. Wiki ile tulikuwa tunapika mara moja kwa siku. Niliurudisha kwa wivu. Tangu utotoni wewe ndiye uliyesifiwa, na nikaona hata shida yangu mwenyewe unataka ikupatie sifa. Watoto wangu walilipa kiburi hicho, na sijawahi kumwambia mtu mpaka leo. Wala usidhani nimepona. Sasa namwonea wivu mume wangu, kwamba mwaka mzima alikuwa anaongea na wewe, mimi nikilamba stempu upande wa pili wa meza.

Fedha ya huko nimeirudisha mwenyewe. Leo nimeitazama kabla ya chai, imeamka salama. Shemeji yako anakusalimu, anasema ngozi ya kahawia imefika. Watoto wanamsalimu mama yao mkubwa na wanauliza hivyo viatu vyote unavivalia wapi. Jozi yako iko ndani ya kifurushi hiki, kwa anwani ile ile niliyokuwa naitoboa kwa kalamu. Rangi nimeipaka mimi, kwa hiyo ukiona imezidi kwenye kisigino, nyamaza.

Ukitaka kununua tena, nunua, sitarudisha kitu. Ila oda inayofuata usiandike Jirani. Andika jina lako, nilione.

Ni mimi mdogo wako,
mwenye ulimi.