Pikapu Nyeupe ya Kikundi

Katoro, Geita
Alhamisi jioni

Kaka yangu mpendwa Boaz,

Kabla ya salamu nina ombi. Barua hii isome ukiwa peke yako, na lililomo lisitoke kinywani mwako. Usiwaambie madereva wenzako hapo Isaka, wala mama, wala hata wifi Asteria, ingawa najua hamfichani kitu. Ukimaliza, ichome. Ukifika mwisho utaelewa kwa nini nimeandika badala ya kukupigia.

Sasa, shikamoo kaka. Habari za siku nyingi? Mtoto ameacha kutapika? Mama huko Ushetu nasikia mvua imemchelewesha na tumbaku imelowa kabla ya kuingia banini kukaushwa, naomba Mungu amsaidie. Mimi mwili ni mzima. Ila nikisikia gari linapunguza mwendo barabarani naacha kuandika mpaka lipite.

Unajua kwamba tangu nimalize chuo pale Shinyanga nimekuwa karani wa kikundi cha wachimbaji wadogo huku Rwamgasa, chini ya mwenyekiti wetu, Mzee Kalisti. Kazi yangu ilikuwa nzuri. Kikundi kilikuwa kinakodi trekta kutoa viroba vya mawe shimoni, duarani, kupeleka mwaloni kusagwa na kuoshwa, na mara nyingi trekta halikuja, mawe yakalala, wezi wakayapunguza. Ndipo wanachama wakakubaliana tununue pikapu yetu wenyewe, ya dizeli, imara, isiyotulaza njiani. Mzee Kalisti akasema mimi niende naye Kahama kuichagua, maana nimesoma, na dunia ya sasa gari huchaguliwa kwa akili, si kwa rangi. Nilijisikia mtu, kaka. Wiki nzima nilisoma kwenye simu kila kilichoandikwa kuhusu injini za dizeli. Nikajua kwamba uishike injini kwa mkono kabla haijawashwa, ikiwa ya moto ujue muuzaji ameificha shida yake ya asubuhi. Nikajua moshi mweusi unasema nini na moshi wa bluu unasema nini, na kwamba ukifungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma, usione pumzi ikitoka humo kama sufuria ya ugali.

Kahama tulikwenda kwenye uwanja wa mtu anayeitwa Muhidini. Ni Mzaramo, babu yake alikuja na reli akabaki. Na wewe unajua Mzaramo na Msukuma wakikutana inakuwaje. Hatujashuka vizuri akaanza kupiga kelele kwa wasaidizi wake wafiche funguo, watani wake wamekuja kutafuta "gali", na wakiuziwa wataenda kulinywesha maji lamboni pamoja na ng'ombe. Mzee Kalisti naye akamjibu kwamba hakujua Wazaramo siku hizi wanafanya kazi, yeye alidhani bado wanacheza ngoma wakisubiri nazi zidondoke zenyewe. Watu wakajaa kusikiliza. Nami nilicheka.

Kulikuwa na pikapu mbili za kutufaa. Moja ya bluu iliyopauka, sura yake kama imelia usiku kucha, lakini mwenyewe alikuwa mtu mmoja tangu mwanzo. Nyingine nyeupe, yenye mkonga wa kuvutia hewa juu na matairi mapana, ile ambayo ukiiona inapita unafikiri ndani yumo mkuu fulani. Niliishika injini ya ile nyeupe, ilikuwa baridi. Ikawaka mara ya kwanza. Haikutoa moshi. Nikafungua kifuniko cha oili, hakuna pumzi. Kaka, nasema kweli mbele ya Mungu, injini ile ni njema, hata leo. Nilisimama pale nikiisikiliza kama mtu anayesikiliza kwaya, na kwa sababu ya injini sikuinama kutazama kingine.

Aliyeinama ni Mzee Kalisti. Alivua koti akalala chini ya gari, miguu tu ikabaki inaonekana. Na Muhidini akawa amesimama karibu na ile miguu, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Mtani, mtazame vizuri huyo bwana harusi wako! Mgongo ulishavunjika, sisi tumemfunga gango tu. Mkimpandisha Wasukuma wanne walioshiba michembe, atapiga magoti awaombe msamaha!" Uwanja mzima ukacheka. Mzee Kalisti akatoka, akajikung'uta vumbi, akajibu kwamba gango la Mzaramo halishiki hata mguu wa kuku, na kwamba yeye chini amekuta chuma kitupu, chasisi safi kama ilivyozaliwa. Tukacheka tena. Tukachukua ile nyeupe.

Nimelirudia neno lile kichwani mara nyingi mno. Ukiambiwa na mtani kwamba baba yako ni mchawi, unacheka. Akija msibani akalala kwenye kaburi la marehemu akidai shamba lake, unacheka na kumpa kitu aondoke. Hakuna aliyetufundisha kwamba siku moja mtani anaweza kusimama hadharani na kusema jambo kama lilivyo.

Rwamgasa walitupokea kwa vigelegele. Akina mama wa mwaloni waliiosha, wakaifunga khanga kwenye mkonga. Udereva alipewa Mayala, kijana wa pale pale. Kwa muda ilifanya kazi, ikabeba mawe, na siku za gulio ikawaleta akina mama hapa Katoro, wamekaa juu ya viroba wakiimba. Kisha siku moja Mayala alirudi na gari likienda upandeupande kama mbwa mwenye kiuno kibovu. Alinifuata ofisini akanambia, karani, njoo uone. Nililala chini kwa mara ya kwanza. Kaka, zile nguzo mbili za chuma zinazobeba gari zima, nyuma kidogo ya kibini cha dereva zote zimewahi kukatika. Zimeunganishwa kwa kuchomelea, zikabandikwa vipande vya bati nene pande zote mbili, zikapakwa rangi nyeusi. Ni gango kweli. Na upande wa kulia ufa ulikuwa umefunguka, kidole changu kikaingia.

Nilimpigia Muhidini kwa hasira. Nikamwambia ametuuzia kifo. Alijibu kwa upole, bila mzaha hata chembe, na hilo ndilo lililoniogopesha. Akasema, "Dada yangu, mimi si nilisema? Nilisema mbele ya watu. Na mwenyekiti wenu wakati ule alikuwa chini, kapeleka mkono palepale penye alama. Nilidhani mmeelewa, ndiyo maana mkapunguziwa vile." Nilimuuliza kwa nini hakusema kama wanavyosema watu wazima. Akasema mtu anayeuza hujisemea anavyoweza, anayenunua husikia anavyotaka.

Nilikwenda kwa Mzee Kalisti nikitumaini atakana. Hakukana. Aliniketisha, akaniagizia soda. Akasema aliona, ndiyo, lakini ile ya bluu ingetuaibisha, kikundi kinataka sura ili wenye mitambo wakiheshimu. Na kilichopunguzwa kwenye bei, kilichobaki mfukoni mwake, akasema, hakuna haja ya kukitaja kwa wanachama. Gari litachomelewa upya na litatembea. Nikamuuliza, likikatika na watu juu? Akasema gari likianguka, kinachoulizwa kwanza ni dereva alikuwa mwendo gani.

Mayala hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alisema amefiwa na shangazi yake huko Meatu, akaondoka, na hajarudi. Ndipo likaanza kutafutwa jina la dereva mwingine, mgeni, mwenye leseni kubwa, asiyejua habari za lile gari.

Kaka, hapa kalamu inakuwa nzito.

Ujumbe uliopata juzi kutoka namba yangu, ule unaosema kuna kazi ya udereva Rwamgasa, pikapu ya dizeli, injini nzima, chasisi haijaguswa, uje kabla ya Jumatatu, niliuandika mimi kwa vidole vyangu. Mzee Kalisti alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, ananitajia neno kwa neno. Nilipomwambia siwezi, alisema anajua bosi wako ameuza lori na umekaa bure hapo Isaka, kwa hiyo ananipa nafasi ya kumsaidia ndugu yangu. Kisha akainama akanambia taratibu kwamba kaka yangu akiwa kwenye usukani, nami nitajifunza kutazama mbele kama dereva. Nikafahamu kwamba hakukuchagua kwa leseni yako. Alikuchagua ili akifunge kinywa changu. Nami nikabonyeza, ujumbe ukaenda. Ukajibu upesi, "Mungu ni mwema, dada, nakuja." Alilisoma jibu lako akacheka, akaitia simu yangu mfukoni mwake, akasema ataitunza mpaka ufike. Namba yako hii mpya iko ndani ya simu ile na sikuishika kichwani. Kwa hiyo ujumbe wowote utakaokuja kwa jina langu tangu juzi, hata uwe wa kilio, hata useme ninaumwa, jua si mimi.

Leo mchana, alipokwenda kula, niliingia chumbani kwake nikachukua funguo za gari, zote mbili, ule wa kila siku na ule wa akiba. Sikuaga mtu. Nilipanda bodaboda mpaka hapa. Nimezifunga kwenye upindo wa kitenge, naandika zikinichoma kiunoni. Najua nitaitwa mwizi. Najua pia fundi anaweza kuliwasha kwa nyaya, na Jumatatu ni gulio, akina mama watapanda kama kawaida wakiimba. Nimechelewesha tu, sijazuia.

Ndiyo maana nakuomba lililo zito kuliko kukaa mbali. Ningependa nikwambie usije kabisa, ulale salama na mkeo na mtoto. Lakini mimi nikisema, mwenyekiti atasema karani ameiba funguo na sasa anatunga. Wewe umeendesha malori tangu ukiwa kijana, watu watakusikiliza. Jumapili baada ya ibada wanachama wote hukutana kwenye uwanja wa ofisi, na gari huwa limeegeshwa hapo. Njoo siku hiyo kama dereva mgeni anayekagua gari lake. Lala chini mbele yao, uwaite mmoja mmoja waweke kidole kwenye ule ufa. Waambie kwa Kisukuma, pole pole, bila kicheko. Usikubali kuliwasha. Usikubali hata kukaa kwenye kiti.

Ukiona huwezi, sitakulaumu. Nitakwenda mwenyewe, na watanifanya watakavyo.

Barua hii analeta Ibrahimu, mume wa Swaumu aliyenificha hapa kwake, anayepeleka mzigo Isaka na lori lake. Mwambie ndiyo au hapana, hatauliza zaidi. Bila kutaja barua, msalimie sana wifi Asteria, umbusu mtoto, na mama mwambie ninasali.

Kama unakuja, fika Jumamosi, tuonane kwanza. Kutoka Kahama panda gari la kupitia Kakola, usipitie Geita mjini, maana stendi ile wamo vijana wake. Ukishuka Katoro usitaje jina langu. Nenda kwa wauza vitenge, uliza kwa Swaumu fundi cherehani. Yeye atakuuliza mama yetu aliitwa nani na bibi alipokuwa mdogo. Jina hilo siliandiki hapa. Ukilitaja atakupitisha uani kwenye mlango wa bati. Usigonge. Simama, niite kwa sauti yako mwenyewe, maana mlango huo nimeufunga kwa ndani, na sauti nyingine yoyote, hata ikisema imetumwa na wewe, sitaifungulia.

Ni mimi mdogo wako,
Zipora