Kétsia Afundishaye Kusema Amenyamaza

Hakuna barua imekwisha kunishinda, mimi Papa Mumbere, mushauri wenu. Haya, naongopa: hii ilinishinda siku tatu, na neno «orthophoniste» njo lilianza kuniuma meno. Iko muntu anayefundisha kusema wale waliopoteza sauti. Muisome.

*Papa mushauri, nisaidie, niko orthophoniste peke yangu hapa Mubi, na walileta mutoto wa miaka saba, tumuite Gentille, yeye na mama yake walikimbia kijiji cha Bihambwe kiisha baba yake kuuawa mbele ya macho yake na tangu siku ile hakutoa neno, nikafanya naye miezi mitatu, akaanza kutaja mbuzi, maji, maharagi, mama yake akacheka, na mimi kwa furaha nikatoa picha ya mwanaume, nikasema, «Sema papa,» nikarudilia, «Sema papa,» bila kuuliza kama matanga imeondoshwa, kumbe bado, hata jina la marehemu hawalitaji nyumbani, mutoto akajikojolea, akafunga kinywa, mpaka leo hata maji hasemi, na mama yake akaniambia, «Dada, umemuua bwana yangu mara ya pili,» sasa sina chef wa kunisimamia, sina mwenzangu wa kuuliza, wagonjwa wakikuja nawarudisha, niache kazi ao nifanye nini?*
*Kétsia*

Kétsia, mutoto wangu, pole. Tena aibu! Hapa hata dereva wa camion hatoki bila convoyeur wa kumuangalilia nyuma; wewe unaendesha roho za watoto peke yako, kwenye matope. Ulikosa, sikufichi.

Jumamosi panda kule réseau ya simu inashika, umupigie mwalimu wako wa Goma, yule aliyekufundisha kazi. Mwambie yote, hata mukojo. Kila juma akusikilize kazi, akugombeze. Wenzako muliosoma pamoja, mufungue groupe ya WhatsApp ya kuambiana makosa. Ya kupongezana tumeshiba. Na roho yako? Mupelekee Mama Anastasie anayefariji wafiwa parokiani. Huyo njo ungemuuliza matanga mbele ya kutoa picha!

Kwa Gentille, nenda mikono mitupu, bila picha. Omba mama yake musamaha, chambua naye maharagi, unyamaze. Pengine mutoto atasema tena. Pengine hapana, nimekwisha kuongopa mara moja leo, inatosha.

Kazi usiache. Nilipokubebea meza zako kutoka Mpofi na camion yangu, uliahidi kumuangalia bibi yangu wa ndoa, Régine, aliyepooza upande moja, ulimi ukafa. Mwaka muzima hajanitukana. Njoo, umurudishie hata tusi moja.