Polishi Iliyokula Jina la Mlangoni

Jumapili, 3 Agosti 2025

Jina langu limepotea. Limepotea jana, Jumamosi, kati ya saa tatu asubuhi na saa nane mchana, mimi nikiwa kanisani. Lilikuwa kwenye milango miwili ya mbele ya gari langu la Probox, manjano juu ya buluu: MAMA MONGINA – NDIZI TAMU – BOITO. Miaka sita. Sasa hakuna kitu. Buluu tupu, inang'aa mpaka naona meno yangu.

Binti yangu Mongina ndiye aliyelipeleka gari kuoshwa. Alikuja Ijumaa kutoka chuo, Kabianga, na huyo mchumba wake Kipngetich. Akasema, Mum, wazazi wake wanakuja kutuona tarehe kumi na saba, gari limechoka, tukuoshee. Hapo hapo ningeshtuka. Msichana huyu hajawahi kujitolea kuosha hata kikombe. Lakini nilifurahi, mjinga mimi.

Wakaenda kwa Aron, yule anayeosha magari kule chini darajani. Siku ya Sabato! Nilipotoka kanisani na Biblia mkononi nikaona gari geni uani. Nikadhani wageni wamekuja mapema na sina hata sukari.

Mongina anasema ni polishi. Eti siku hizi iko moja ya kufanya yote — inatoa mikwaruzo, inang'arisha, inaacha na waksi juu, chupa moja, kupaka mara moja. Eti ni kali kidogo, ikakula maandishi. "Pole Mum. Lakini ona vile imekuwa smati."

Kipngetich aliangalia viatu vyake muda wote.

Smati. Mimi siuzi usmati. Nauza ndizi.

Jumatatu, 4 Agosti

Mongina amerudi chuo. Mvua imenyesha tangu saa nane. Maji yanasimama kwenye boneti matone matone, kama shanga, halafu yanateleza yote na kuacha rangi kavu. Nakubali ni kazi safi. Hiyo ndiyo inaniudhi zaidi.

Jumanne, 5 Agosti

Nimetoka Kisii na mikungu kumi na minane. Nimerudi nyumbani na kumi na mmoja. Jumanne ya kawaida haurudi hata mmoja.

Nilifika banda la kupimia majani chai saa saba, ile saa akina mama wanangoja lori na magunia yao. Kawaida wakiona mlango wangu tu, wanasimama. Leo hakuna aliyesimama. Wawili waliingia katikati ya chai na kuinama. Nikapiga honi. Wakainama zaidi.

Nikateremka. Caren akanitambua — Caren tulichuma naye chai bega kwa bega nilipokuja huku sina hata sufuria. Akaita wengine: "Tokeni nyinyi! Ni Mama Mongina, si watu wa mkopo!"

Wakacheka mpaka wakakaa juu ya magunia. Caren anasema gari iking'aa hivyo na haina jina, hiyo imekuja kuchukua kochi ya mwenye deni. Mwingine akaniuliza kama nimeuza biashara ama nimeolewa na mtu wa benki. Nikacheka nao. Lori likafika, wakakimbilia mizani, ndizi zikabaki.

Nilipoketi kwa usukani sikucheka. Sina kibanda mimi. Sina meza sokoni Bomet. Ule mlango ndio duka langu.

Jioni nimepita kwa Aron na hasira yote. Akanitolea chupa nisome. "Mama Mongina, hii dawa haitoi maandishi. Inatoa uchafu na vile vimistari vidogo, basi."

Nikamwambia, kwa hivyo jina langu lilikuwa uchafu?

Akashika mpira wa maji. Akasema niulize watoto. Nikamwambia nakuuliza wewe uliyelipwa. Akasema ana mteja. Mteja mwenyewe ni pikipiki moja, na mwenyewe hakuwa na haraka.

Mwongo. Ndivyo nilivyofikiri.

Jumatano, 6 Agosti

Nimenunua chupa ile ile Bomet. Sitaki kuambiwa, nataka kuona.

Nikafuata maagizo. Gari liwe poa, lisiwe juani — jua lenyewe liko wapi? Tikisa. Weka kidogo kwenye sponji. Zungusha. Ngoja ikauke iwe kama ukungu. Futa na kitambaa laini. Nikafanyia mlango wa nyuma, pale pameandikwa ASANTE BOITO kwa rangi ile ile ya manjano, mkono wa mchoraji yule yule. Nikasugua herufi A peke yake mpaka bega likalia. Kitambaa kikashika umanjano kidogo sana, kama wa bizari. A iko pale pale. Inang'aa kuliko mwanzo.

Ndipo nikaona kitu ambacho ningeona Jumamosi kama hasira isingenifunga macho. Huko nyuma kulikuwa kumeshapakwa. Dawa ile ile, siku ile ile. Unga mweupe umekaukia kwenye pembe za herufi, pale kitambaa hakikufika. Kwa hivyo polishi kali imekula milango miwili tu, ikafika nyuma ikashiba?



Alhamisi, 7 Agosti

Masese amekuja kuandika upya. Ndiye aliyeandika mwanzo. Amepiga M ya kwanza, nzuri, imenyooka. Tukiwa tunaiangalia ikaanza kujikunja. Rangi inarudi nyuma, inakuwa matone, inateleza kama maji kwenye jani la nduma. Akafuta, akapiga tena. Vile vile.

"Ni hiyo waksi," akasema. "Imefunga mlango. Hii gari imekataa jina, mama."

Imekataa! Gari nililonunua mimi!

Akajaribu thina, akafuta na kitambaa, akaosha na sabuni. Mvua ikaja. Tukaacha. Lakini kabla hajaenda alipiga magoti, akaangalia mlango kwa pembeni, shavu karibu na bati. Akaniita niangalie. Pale herufi zilipokuwa, bado kuna kivuli, buluu iliyokolea kidogo. Akanionyesha mizunguko ya mashini. Anasema walianza na ile dawa nzito yenye mchanga, na pedi ngumu, ndiyo ikatoa rangi. Hii ya kufanya yote walimalizia nayo tu. Na kwenye kishikio cha mlango waliweka tepu, kisichubuke.

"Hii si ajali," akasema. "Hii ni kazi."

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeenda kwa Aron asubuhi kabla wateja hawajafika. Bila kelele. Nikamwambia, nilikuita mwongo moyoni, nisamehe. Sasa niambie nani alisema herufi zitoke.

Akazima mashini. "Mongina alisimama hapo ulipo. Akasema toa. Nikamwambia mimi sitoi jina ya mtu bila mwenyewe. Akasema mwenyewe ni yeye."

Nikamwuliza, vipi?

"Akatoa kitambulisho, mathe. Akaniambia soma. Nikasoma Mongina. Akasema, hilo jina ni langu, si la mtu mwingine, na sitaki likizunguka na ndizi. Sasa mimi ningesema nini?"



Nimerudi nikatoa kitambulisho changu. Phelis Bitutu. Hakuna mahali pameandikwa Mama Mongina. Serikali haimjui huyo mtu. Lakini uliza hapa Boito nani anamjua Phelis. Kanisani, kwa majani, kwa kinyozi, hakuna. Nilijifungua nikiwa na miaka kumi na tisa, na tangu siku hiyo sijaitwa kitu kingine. Jina ni lake, sawa. Na mimi je, nimekaa ndani ya nini miaka ishirini na mbili?

Jumamosi, 9 Agosti

Kanisani sikuimba.

Kipngetich amepiga simu saa tisa. Anazunguka maneno. Habari ya mvua, habari ya ng'ombe. Nikamwambia, kijana, sema. Akasema yeye hakujua mpaka walipofika kwa Aron, alimwambia Mongina aache, wakagombana hapo hapo. "Mama, sisi nyumbani hatuna shida na ndizi. Baba mwenyewe anazipenda. Lakini tafadhali usimwambie nimekuambia."

Huyu kijana nimeanza kumpenda. Wakati mbaya kabisa.

Kwa hivyo si wakwe waliosema. Si polishi. Si Aron.

Jumapili, 10 Agosti

Amekuja. Nilimwambia aje, akaja.

Nimemwuliza asubuhi, tukiosha vyombo, kwa nini alitoa jina. Akasema, "Mum, ni gari tu." Nimemwuliza saa sita. Akasema, "Mum, hujui vile watu wa chuo huongea." Nimemwambia najua vile watu huongea, nimeongewa tangu hujazaliwa, sikuuliza hivyo. Akasema, "Nikuwekee chai?"

Majibu matatu na hakuna jibu.

Kaka yangu Onyiego, ambaye atasimama mahali pa baba wa Mongina, alipiga saa tisa. Wazee wa upande wetu wanataka kujua kama Jumapili ijayo ipo, ili watoke Nyamira mapema. Na wale wa Kipngetich nao wanangoja neno letu. Sikumweleza habari. Nilimwambia tu apige tena saa kumi na mbili, nitampa jibu. Akauliza, kuna maneno? Nikasema yapo, ya hapa nyumbani.

Sasa niko ndani ya gari na hiki kitabu juu ya usukani. Kioo kiko chini. Namsikia jikoni anasugua sufuria ambayo tulishaosha asubuhi. Anajua niko hapa. Nimemwita kupitia dirisha, nikamwambia kwa sauti ya kawaida, bila majirani kusikia:

Sitaki pole. Sitaki chai. Masese akija nitamwambia aandike kitu ama asiandike, hiyo si shida. Ukitaka jina lako, nitakupa. Lakini utaniambia kwanza: siku ile kwa Aron, ulikuwa unatoa ndizi mlangoni, ama ulikuwa unanitoa mimi?

Sufuria imenyamaza.

Ni saa kumi na moja na nusu. Onyiego hachelewi. Nataka jibu moja, Mongina, kwa mdomo wako, hapa mlangoni, kabla hiyo simu haijalia.