Nyanya Nyeusi kwa Mdomo wa Mama

12 Februari

Mpwa wangu,

Kabla ya salamu nikuzuie kwanza, maana nazijua haraka zako. Kosa wanalofanya wengi ni kuchagua nyanya kwa macho. Wanaona picha ya nyanya nyeusi inang'aa kama kiatu kipya, wanasema "hii hii," kisha inawafia bustanini, au inaiva wakati hamu imeshakwisha. Nyanya nyeusi huchaguliwa kwa mdomo wa mlaji na kwa muda alionao.

Sasa salamu. Hujambo? Mume wako na mashine yake ya kuchomelea hawajambo? Na mdogo wangu, mama yako, ameamkaje? Umeandika kwamba tangu aanze dawa kila chakula kwake ni kama kulamba kijiko kitupu. Maneno hayo yamenikaa kifuani. Masikio yangu yameshindwana na simu, kwa hiyo nivumilie: ujumbe wangu utakuwa mrefu kama barua za zamani.

Unauliza kwa nini ang'ang'anie nyanya nyeusi za nyumbani wakati sokoni nyekundu zimejaa. Hajachanganyikiwa. Nyanya ya kawaida ikiiva, kijani chote huondoka. Nyeusi hubakiza kijani chake chini ya wekundu, na viwili hivyo vikichanganyika ndipo unapata ile rangi ya kahawa. Ladha yake ni nzito: utamu, uchachu, na kitu kama chumvi kwa mbali. Hata ulimi uliochoka unaweza kuisikia. Nyanya haitibu mtu, usije ukasema Mjomba alisema. Inafungua mdomo tu. Mdomo ukifunguka, mkate na yai vinapita.

Nimekutumia mbegu za aina tatu, zote za asili. Bonge ni kubwa, rangi ya zambarau iliyochujuka, tamu kuliko zote, lakini huchelewa na huogopa mvua. Peasi ina nyama nyingi na maji kidogo, nzuri kwa kupika. Gololi ni ndogo, huzaa mapema na haina maringo. Panda Gololi nyingi, Peasi kiasi, Bonge chache. Gololi zitamlisha mama yako wakati mnaisubiri Bonge.

Mjomba wako


21 Februari

Shikamoo Mjomba,

Sisi tu wazima, isipokuwa huyo unayemjua. Mbegu zimefika. Nilimmwagia Mama kitandani achague mwenyewe. Nilipomwonyesha Gololi akasema, "Hizo ni za kuku. Kaka yako huyo ananionaje?" Nikamwambia ni kaka yake yeye, si wangu. Akacheka mpaka akakohoa. Mjomba, sijamsikia akicheka tangu atoke hospitali.

Kwa hiyo nimepanda Bonge tu. Gololi nimempa jirani yetu mshonaji, Peasi nimezihifadhi. Usinikasirikie. Alinishika mkono akasema, "Bonge, mwanangu, ile ya kukata kwa kisu."

Mpwa wako


22 Februari

Marahaba, mpwa wangu. Sijakasirika. Nimeingiwa na woga kidogo, na woga si hasira.

Umeweka tumaini lote kwenye aina inayochelewa. Basi tuitunze kama yai. Miche ikifika urefu wa kiganja, ihamishie mahali penye jua la asubuhi. Iache mbali mbali, upepo upite katikati. Mwagilia chini kwenye shina, kamwe usilowanishe majani. Majani yanayogusa udongo yaondoe, maana ukungu hupandia hapo. Na Peasi ulizozihifadhi zipande leo, nakuomba.

Msalimie mgonjwa wetu. Mwambie kuku wangu wananona.

Mjomba wako


27 Mei

Shikamoo Mjomba,

Nisamehe kwa ukimya. Peasi nilizipanda, konokono wakala miche yote. Bonge zimekua mpaka zinanipita kichwa, zina matunda makubwa, ila yote mabichi.

Mama amepungua sana. Nikimwinua kitandani nasikia mifupa. Juzi daktari alinitoa nje ya chumba, akasema akiendelea kupungua uzito watasimamisha dawa, mwili hautazibeba. Nikamuuliza, wakisimamisha? Akaangalia viatu vyake. Mama hajui. Nimemwambia kwamba daktari alikuwa anaulizia maegesho.

Kila asubuhi ananiuliza, "Bado?" Namjibu bado. Anageukia ukutani. Sahani nairudisha kama nilivyoileta.

Mvua haikatiki. Na jana nimechungulia kwa mshonaji: Gololi zake, zilizokuwa zinazaa vizuri, zimeungua kama zimepitiwa na moto. Alikuja mlangoni analia, "Jirani, jana zilikuwa nzima! Kuna nini hewani?" Upepo unatoka kwake kuja kwetu. Mjomba, ni nini kile?

Mpwa wako


27 Mei, jioni

Mpwa wangu,

Nijibu mara usomapo hii. Geuza jani la Bonge, lile la chini kabisa. Je, upande wa nyuma kuna unga mweupe, mwembamba kama pumzi kwenye kioo? Je, shina lina doa la kahawia? Kama ni ukungu ule ninaoufikiria, unasafiri kwa upepo wenye unyevu na haupigi hodi. Usiguse ya jirani halafu ukagusa yako. Nawa mikono, badili hata viatu.

Daktari umemuuliza vyema. Mama yako umemficha vibaya, lakini hilo tutalizungumza baadaye.

Mjomba wako


30 Mei

Mpwa wangu,

Naona umesoma ujumbe wangu. Hujajibu. Nimemwandikia mume wako, naye amesoma, naye kimya. Fundi asiyeweza kunyamaza hata akiwa ndani ya kofia yake ya kuchomelea, leo kanyamaza.

Nimejaribu kupiga simu. Nilisikia mtu anasema kitu, nikasema "rudia," akarudia, sikuambulia neno. Nikakata, nikabaki nimeishika.

Niambie tu kama yupo.

Mjomba


2 Juni

Shikamoo Mjomba,

Yupo. Nisamehe. Uliyemsikia kwenye simu ni yeye. Alikuwa anakwambia, "Kaka, niletee chumvi." Alikuwa na homa, akili imepotea kidogo. Tulikuwa hospitali siku zote hizo. Jana tumerudi. Uzito umeshuka tena. Watampima Ijumaa, na hiyo Ijumaa ndiyo wataamua kuhusu dawa.

Kuhusu majani: siku ile ile uliyouliza nilikwenda kugeuza. Unga upo. Niliogopa kukuandikia, kana kwamba nikiandika ndipo itakuwa kweli. Leo mistari miwili imelala. Mstari wa tatu, ulio karibu na ukuta, bado una majani mengi mazima.

Matunda ya mstari huo yameanza kubadilika chini, rangi kama chai ya rangi. Lakini sijui, Mjomba! Sijui kama ni kuiva au ni ugonjwa. Kwenye nyanya nyekundu doa lingeonekana. Hizi ni nyeusi, na ugonjwa ni mweusi. Nimesimama pale na ndoo, siwezi kuchuma hata moja. Mama alitufundisha tangu watoto kwamba nyanya isiyoivia mtini ni ya kutupa. Nikichuma mapema nimeiharibu. Nikiiacha imeoza.

Asubuhi ya leo hakuuliza "bado." Hilo ndilo linanitisha kuliko unga.

Mpwa wako


2 Juni, saa hiyo hiyo

Marahaba, mwanangu. Mimi pia naogopa. Soma taratibu.

Mama yako alifundisha vizuri, kwa nyanya yenye afya katika kiangazi. Hii siyo hali hiyo. Nyanya ikishaanza kugeuka rangi, imekwisha kuvuta kwenye mti karibu kila ilichohitaji. Inayobaki itaimalizia yenyewe, ndani ya nyumba, na ladha haitapotea kwa kiasi cha mtu kuijua. Kuiacha mtini sasa ni kuusubiri ukungu.

Macho yako hayatakusaidia, na mimi ndiye niliyekwambia hivyo. Tumia kidole. Bonyeza polepole sehemu iliyogeuka. Palipoiva panabonyea kidogo, ngozi laini sawa na kwingine. Penye ugonjwa ni pagumu, pana mikunjo kama ngozi ya mkoba wa zamani, na pembeni hapana mpaka safi. Iliyo ngumu hivyo itupe mbali na bustani. Usimwonee huruma Bonge yeyote.

Nzima zifute kwa kitambaa kikavu. Zilaze kikonyo kikiwa chini, zisigusane, mbali na jua. Friji hapana, inaua ladha. Kila siku zipitie tena kwa kidole, maana ugonjwa mwingine hujificha. Ijumaa siwezi kukuahidi. Moja au mbili zitakuwa laini, labda. Usimwambie ni dawa. Mkatie kwa kisu mbele yake, weka chumvi, nyamaza, ngoja mkono wake.

Na kuhusu kutouliza: anayekata tamaa huanza kwa kutouliza. Kwa hiyo usizifiche nyanya jikoni. Zipange mezani chumbani kwake, pale harufu yake itakapomfikia, aone kila asubuhi ipi imesogea kuiva.

Leo, kabla mvua haijarudi, shika ndoo, nenda kwenye mstari wa ukutani, uchume kila iliyogeuka.

Mjomba wako